Redio ya gari ya mtumba: igeuze uitazame nyuma kabla hujailipia

Mnunuzi wa redio ya mtumba kwa kawaida hutazama uso wake kwanza: ina skrini? Ina Bluetooth? Inaenea kwenye tundu? Hayo ndiyo mambo mepesi kuliko yote. Redio ikikataa gari hukataa kwa nyuma, kwenye soketi na nyaya, au hukataa kwa sababu ya namba iliyo kwenye stika ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma. Inaweza kukaa kwenye dashibodi kama imezaliwa humo, na bado isitoe mlio hata mmoja.

Hatua zifuatazo zimepangwa ili zile zinazoweza kukuambia mapema "hii iache" zitangulie.

Hatua ya 1: Lijue gari lako

Usiende kutafuta redio ukiwa na jina la gari na mwaka tu. Magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na mifumo miwili au mitatu tofauti ya sauti, kutegemea daraja la gari lilivyotoka kiwandani. Chomoa redio iliyopo uitazame.

Kabla hujagusa betri, hakikisha unayo namba ya siri ya redio ya sasa, kama ni ya aina inayotumia namba. Ukishakata umeme itaidai. Kisha zima gari, chomoa ufunguo, fungua kichwa cha hasi cha betri na usubiri. Dakika 3 ndicho kiwango cha chini, na baadhi ya magari yanataka hadi 10, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Plagi za njano utakazokutana nazo ndani ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko hiyo. Usizichomoe.

Redio nyingi za magari ya Ulaya hutoka kwa funguo bapa za chuma, au kwa pini zenye umbo la U zinazoingizwa kwenye vitundu usoni mwa redio. Zile za magari ya Kijapani mara nyingi zimefungwa kwa skrubu kwenye breketi za pembeni, na hazionekani mpaka fremu ya plastiki itoke.

Ikishatoka, piga picha za stika nzima, soketi zote za nyuma kwa karibu, plagi za gari kwa upande wa nyaya ili rangi zionekane, na plagi ya antena. Nenda na picha hizo kwenye simu. Muuzaji mzoefu akiziona atakujibu kwa dakika moja. Asiyejua atakuambia tu "inaingia hiyo".

Kisha angalia volti. Magari madogo ni ya volti 12, lakini malori na mabasi mengi ni ya 24, na redio ya volti 12 ikipewa 24 haina nafasi ya pili. Kama gari ni la 24, tafuta redio iliyoandikwa 24 kwenye stika yake, au weka kipunguza volti kinachohimili angalau ampea 10. Usichukue njia ya mkato ya kuchota volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili: betri hiyo itakuwa inaishiwa huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Hatua ya 2: Soma stika

Njia salama kuliko zote ni kununua redio yenye namba ya kipuri ileile, mpaka herufi ya mwisho. Redio za kiwandani za Toyota zina namba inayoanza na 86120, za Honda 39100, za Nissan nyingi 28185. Kwa Volkswagen na ndugu zake, kundi la katikati la namba huwa 035. Ukiona namba ya aina hiyo, unajua redio ilitoka kiwandani na gari. Usipoiona, huenda ni redio ya dukani, na hilo si baya.

Namba zikitofautiana herufi ya mwisho tu, usiseme ni kitu kilekile. Herufi hiyo inaweza kumaanisha programu mpya, na pia inaweza kumaanisha kwamba moja ina amplifaya ndani na nyingine haina. Linganisha soketi pini kwa pini kabla ya kukubali.

Kama stika imekwanguliwa au namba imesuguliwa, rudisha redio mezani. Huenda imeibwa. Hata kama haijaibwa, bila namba hiyo hutapata namba ya siri.

Hatua ya 3: Soketi na nyaya

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Soketi za ISO (yaani za kiwango cha kimataifa) ni mbili zilizopandana, kila moja ina pini 8. Ya A ni ya umeme, ya B ni ya spika. Kwenye A, pini ya 4 ni moto wa kudumu (unaotunza saa na stesheni), ya 5 hupeleka umeme kwa antena au amplifaya, ya 6 ni ya taa za dashibodi, ya 7 ni moto wa swichi (unaokuja ufunguo ukiwashwa tu), na ya 8 ni bodi, yaani hasi. Kwenye B, pini ya 1 na 2 ni spika ya kulia nyuma, 3 na 4 kulia mbele, 5 na 6 kushoto mbele, 7 na 8 kushoto nyuma. Gari na redio zikiwa na ISO zote mbili, kazi ni ya kuchomeka tu, isipokuwa jambo moja: Volkswagen nyingi za zamani zimebadilishana pini ya 4 na ya 7. Redio ya dukani itawaka vizuri, lakini ukizima gari inasahau kila kitu. Dawa yake ni kubadilishana waya wa njano (wa kudumu) na mwekundu (wa swichi) wa redio. Adapta nyingi za ISO zina viungio vya kuchomoa katikati ya nyaya hizo mbili kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Toyota nyingi zina plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Magari mengi ya Ulaya ya tangu miaka ya 2000 yana plagi moja kubwa ya mraba yenye mkono wa kufungia, iitwayo Quadlock. Hizi haziingiliani kwa nguvu. Kuna adapta za kila jozi, na ununue adapta kuliko kukata plagi ya gari. Plagi ikishakatwa, kila redio ijayo itakuwa kazi ya kulehemu.

Sasa rangi. Redio za dukani zinakubaliana karibu zote: njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa swichi, nyeusi ni bodi, bluu ni antena, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, na rangi ya chungwa ni taa. Spika: nyeupe kushoto mbele, kijivu kulia mbele, kijani kushoto nyuma, zambarau kulia nyuma, na waya wenye mstari mweusi ndio hasi ya kila jozi.

Mapatano hayo ni ya redio. Gari halihusiki nayo. Chukua plagi ya pini 6 ya Toyota nyingi: ina waya mweusi, wa njano, mwekundu na mweupe, na mtu asiyejua akiuona mpangilio huo hufurahi. Kumbe mweusi ni chanya ya spika ya kushoto nyuma na njano ni hasi yake, mwekundu ni chanya ya kulia nyuma na mweupe ni hasi yake. Moto wa kudumu uko kwenye plagi nyingine, ni bluu yenye mstari wa njano. Moto wa swichi ni wa kijivu, na bodi ni ya kahawia. Anayeunganisha njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi anaipa redio spika badala ya betri. Haitawaka, na ataamini ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo pima, usikisie. Rudisha kichwa cha betri, weka mita kwenye volti za moja kwa moja, kigusio cheusi kwenye chuma cha bodi. Waya unaosoma kama volti 12 hata ufunguo ukiwa umechomolewa ni wa kudumu. Unaosoma 12 ufunguo ukiwa kwenye ACC (hatua ya kwanza ya ufunguo, kabla ya injini kuwaka) na sifuri ukizimwa ni wa swichi. Unaopata umeme ukiwasha taa ndogo ni wa taa. Kwa bodi, fungua tena kichwa cha betri, weka mita kwenye omu: inapaswa kusoma karibu na sifuri dhidi ya chuma.

Ukipima nyaya zote usipate wa swichi, usifikiri fyuzi imekufa moja kwa moja. Magari mengi ya karibuni hayapeleki moto wa swichi kwenye redio kabisa. Kompyuta ya gari hutuma amri ya kuwaka na kuzima kupitia nyaya mbili zilizosokotana za mtandao wa CAN. Redio ya dukani kwenye gari la namna hiyo inahitaji kisanduku cha kutafsiri CAN, na kisanduku hicho lazima kiwe cha gari hilo na redio hiyo. Kinyume chake pia ni kweli: redio ya kiwandani inayotegemea CAN ukiifunga kwenye gari lisilo nayo huenda isiwake, au iwake isizimike na kunyonya betri usiku kucha.

Ukiona nyuma ya redio kuna plagi yenye nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga, huo ni mfumo wa MOST. Vifaa vyote vimefungwa kwenye duara moja la mwanga. Ukitoa kimoja, duara linakatika na sauti yote ya gari inanyamaza. Redio ya gari la MOST nunua yenye namba ileile, au achana nayo.

Hatua ya 4: Tundu

DIN ni kipimo cha kawaida cha uso wa redio ya gari: DIN moja ni kama milimita 180 kwa 50, na DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota na Daihatsu nyingi zina tundu pana zaidi, 200 kwa 100, ambalo redio ya 180 huingia ikiacha nafasi ya milimita 10 kila upande. Vipande vya plastiki vya kuziba nafasi hizo vinapatikana.

Kinachosahaulika ni kina. Kipimo cha DIN hakisemi lolote la maana kuhusu urefu wa kwenda ndani. Redio yenye CD mara nyingi ina milimita 160 au zaidi, isiyo na CD inaweza kuwa chini ya 100. Pima kutoka ukingo wa tundu hadi chuma au bomba la kwanza kwa ndani, kisha toa milimita 30 za plagi na kona ya nyaya.

Ukinunua redio ya kufungwa kwa breketi, uliza kama skrubu zake zipo. Ndefu kupita milimita 8 au hivi inaweza kutoboa hadi kwenye mtambo wa CD au saketi za ndani.

Hatua ya 5: Namba ya siri na kufuli za kompyuta

Redio nyingi za kiwandani hujifunga zikikosa umeme. Skrini huandika SAFE, CODE au LOCK. Mwambie muuzaji akupe namba kwa maandishi, kisha iingize mbele yake. Usijaribu kubahatisha: redio nyingi za Volkswagen za zamani hukuachia majaribio mawili, kisha lazima uziache zikiwa zimewashwa saa nzima kabla ya kujaribu tena.

Kufuli la pili ni gumu zaidi. Audi nyingi na magari mengine ya hadhi yake hukumbuka redio yake kwa namba ya gari. Redio ngeni huwaka, lakini sauti inabanwa au kunyamazishwa, na hakuna namba ya kuandika. Inafunguliwa kwa kifaa cha uchunguzi kilichounganishwa na kompyuta za mtengenezaji. Kama hujapata mtu wa kufanya hivyo, usinunue kwanza ndipo umtafute.

Redio za Kijapani zenye ramani zina ugonjwa wao. Nyingi zinadai diski au kadi ya ramani iliyokuja nazo ndipo ziwake kikamilifu. Kadi ikiwa imepotea, ulichoshika ni saa kubwa ya dashibodi. Menyu nazo mara nyingi ziko kwa Kijapani pekee.

Hatua ya 6: Spika na amplifaya

Redio ya kawaida inataka spika za omu 4. Chomoa plagi ya spika, pima kila jozi kwa mita: spika nzima ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.8. Ukisoma chini ya 2, kuna spika mbili zimeunganishwa sambamba, au ni gari lenye mfumo wa Bose au wa aina hiyo, ambao hutumia spika za omu ndogo na amplifaya yake pembeni. Redio ya kawaida ikisukuma omu ndogo hivyo hupata moto na kujizima, au huungua. Kwa magari hayo tafuta adapta ya mfumo husika, na waya wa bluu wenye mstari mweupe lazima uunganishwe, la sivyo amplifaya italala na hutasikia kitu.

Pima pia kila waya wa spika dhidi ya bodi. Usomaji wowote wa omu chache una maana waya umegusa chuma, au gari ni la zamani na spika zinatumia hasi ya pamoja. Redio za sasa hazivumilii hilo. Waya hasi wa spika una takriban volti 6 ndani yake. Ukiupeleka bodi, kipande cha amplifaya ndani ya redio kinaungua.

Na ile "4 x 50W" iliyoandikwa usoni isikubabaishe. Kwa volti 12 na spika ya omu 4, redio hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika.

Hatua ya 7: Antena na masafa

Plagi ya antena ya mtindo wa zamani ni pini ndefu ya chuma. Ile ya Fakra ni ndogo, ya plastiki, yenye rangi na kibano. Adapta zipo, lakini angalia kama antena ya gari ina kikuza mawimbi kinachokula umeme. Kwenye Volkswagen nyingi umeme huo hupandia ndani ya waya wa antena wenyewe, kwa hiyo unahitaji adapta yenye waya wa bluu pembeni. Bila huo, redio hushika stesheni za karibu tu, tena kwa mkwaruzo.

Masafa ndiyo yanayowaumiza wengi. Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na zile mpya zaidi hadi 95. Sehemu kubwa ya dunia hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kuna kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena kushusha masafa, lakini namba kwenye skrini hazitalingana na stesheni, na nyingine zitaangukia juu ya zenzake. Ni suluhisho la kuvumilia, si la kuchagua. Redio za Marekani zinaruka kwa megahezi 0.2 na kusimama kwenye desimali ya namba witiri tu, 88.1, 88.3 na kuendelea, kwa hiyo stesheni ya 88.4 hutaipata sawasawa. Redio nyingi za dukani zina chaguo la eneo kwenye menyu au swichi ndogo tumboni. Lijaribu kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 8: Iwashe mezani

Usinunue redio ambayo hujaiona ikiwaka. Beba betri ya volti 12 iliyojaa (mita isome 12.6 au zaidi), fyuzi ya ampea 10, na spika moja ya zamani. Usitumie chaja ya betri peke yake: umeme wake hauko tulivu na redio italia mmm.

Waya mweusi kwenye hasi. Wa njano kwenye chanya kupitia fyuzi. Kisha gusisha mwekundu kwenye wa njano: redio iwake. Uachie: izime. Rudisha: saa na stesheni ziwe zilezile.

Ikiwa imewaka bila spika, weka mita kwenye volti na pima kila waya wa spika dhidi ya hasi. Zote nane zisome karibu na nusu ya betri, yaani volti 6 na ushee. Kisha pima kati ya nyaya mbili za jozi moja: iwe karibu na sifuri. Jozi inayoonyesha volti kadhaa kati yake imeungua ndani, na ukiiunganisha spika itasukumwa upande mmoja na kuchemka. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na wauzaji wengi hawakitarajii.

Malizia kwa kusikiliza spika kwenye kila jozi, kuzungusha kitufe cha sauti polepole (kikirukaruka kimechakaa), kugusa pembe zote nne za skrini, kuunganisha simu na kupiga ili ujaribu kipaza sauti. Kama uso unachomoka, uchomoe na urudishe mara tatu. Kwa redio ya kamera ya rivasi, jua kwamba kamera za kiwandani za Toyota nyingi hutumia volti 6. Ukizipa 12 zinakufa.

Kabla hujaondoka, dai breketi, fremu, funguo za kutolea, na plagi ya redio ikiwa na angalau sentimita 15 za waya. Plagi ya pekee yake kuitafuta baadaye inaweza kukuchosha kuliko redio yenyewe.

Hatua ya 9: Baada ya kufunga

Iwashe ikiwa bado inaning'inia nje. Sogeza sauti kushoto, kulia, mbele na nyuma uone kila spika inaitika mahali pake, bonyeza vitufe vya usukani, ndipo uisukume ndani.

Kisha pima inachonyonya gari likiwa limelala. Mita kwenye ampea 10, kati ya kichwa cha hasi na waya wake, milango imefungwa, ufunguo mbali. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Miliampea zikibaki juu ya 50, chomoa fyuzi ya redio. Zikishuka hapo hapo, moto wa swichi umeunganishwa kwenye wa kudumu, au redio inasubiri amri ya CAN isiyokuja.